Radhi haiombwi kwa kidole

Mamangu alikuwa na viatu vya kualikia. Vyeusi, vya ngozi, soli zimelika upande mmoja, na hakuvivaa kwa safari nyingine. Harusi ikikaribia mtaani kwetu Kibokoni, Mombasa, yeye na mwenziwe walisali Alasiri, wakavaa mabuibui, wakatoka kupita nyumba kwa nyumba. Walianza na vichochoro vya Mji wa Kale, wakatokea Kuze, wakavuka barabara kubwa kuingia Majengo, na siku ya pili au ya tatu wakapanda feri kwenda kwa jamaa wa Likoni. Kadi zilikuwapo, tena za kupendeza, lakini kadi isiyo na mtu wa kuileta ilihesabiwa karatasi. Aliyepenyezewa kadi chini ya mlango alikuwa na haki ya kutokuja, na hakuna aliyemlaumu.

Nilipokuwa msichana nilifuatana naye, na nilichoka sana. Mwaliko wenyewe ulikuwa wa dakika moja: "Harusi ya fulani, Ijumaa ijayo, mumealikwa nyote." Nusu saa iliyobaki ilikuwa ya kukaa. Tukaletewa maji ya ukwaju, tukaletewa visheti, na tukifika nyumba ya tano tumbo limejaa lakini kukataa ni matusi. Mamangu aliuliza, akajibiwa, akanyamaza, akaangalia. Tukirudi baada ya Isha alikuwa anajua nani ana presha, nani kajifungua, nani mumewe yuko melini mwezi wa nne hajaleta pesa, na nyumba gani ina vichupa vya dawa dirishani ingawa wenyewe wamesema hawajambo. Asubuhi yake mambo yalianza kutembea kimyakimya. Supu ilipelekwa huku, pesa kidogo zikapelekwa kule, mtoto wa mtu akatafutiwa kibarua bandarini. Sikujua kuwa ile ndiyo kazi yenyewe, na kwamba mwaliko ulikuwa njia tu ya kuifikia. Niliona ni kupoteza jioni.

Ndiyo maana mabadiliko yalipokuja niliyapokea kwa mikono miwili. M-Pesa tulikuwa nayo tangu 2007. Juni 2009 waya wa intaneti wa baharini wa TEAMS ulifika kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, Rais Mwai Kibaki akaja kuuzindua hapa Fort Jesus, na mwezi uliofuata ukaanza kazi ule wa SEACOM. Tulikuwa na hamasa kweli. Tuliambiwa dunia nzima sasa iko mlangoni kwetu, na nilifurahi kwamba mlango wenyewe ni Mombasa. Haikupita miaka mingi simu janja zikaanza kushuka bei, na mwaka 2015 nikamnunulia mamangu ya kwake.

Magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Nikamketisha, nikamwekea WhatsApp, nikamtia katika grupu la ukoo, la mtaa, la kina mama wa darsa. Nikamwambia, "Mama, sasa pumzika. Kadi tutaipiga picha, na kwa dakika moja watu mia mbili wamealikwa." Alinitazama muda, akasema, "Haya, mwanangu." Viatu akavitia katika mfuko wa plastiki, akaviweka juu ya kabati. Niliamini nimempunguzia mzigo, na kwa miaka miwili hivi sikuona lililopungua zaidi ya mzigo huo.

Kilichonizindua ni harusi ya 2017. Ndugu wa bara huenda wasijue desturi yetu. Usiku wa kupamba bibi harusi ni wa wanawake watupu. Mabuibui hutoka, nywele hufunguliwa, dhahabu huonekana, watu wazima hucheza wakasahau umri wao. Uhuru ule wote umesimama juu ya jambo moja, kwamba hakuna jicho la kiume humo ndani. Simu zilipoingia mifukoni mwa kila mtu, jicho lile likapata njia ya kuingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo mlangoni huwekwa wanawake wenye mfuko na vibandiko vya namba. Unatoa simu yako, unapewa namba, unaingia.

Usiku ule bibi harusi alikuwa mtoto wa khalati yangu, tuliyelelewa naye kama ndugu, na mimi ndimi niliyewekwa mlangoni. Nilikusanya simu za watu zaidi ya mia. Ya kwangu niliibakisha ndani ya pochi, kwa kuwa hakuna anayemkagua mkaguzi.

Dada yangu yuko Muscat na hakuweza kuja. Alikuwa amenitumia sauti tangu mchana, analia: "Picha moja tu, niione nguo yake, halafu nifute." Akaniambia nisiogope, kwani ujumbe wa WhatsApp umefungwa, hakuna wa katikati anayeweza kuusoma. Alisema kweli. Tangu Aprili 2016 ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Nikapiga picha. Bibi harusi amekaa kitini, hina imempanda hadi kwenye viwiko, asumini zimejaa kichwani, ametazama chini kwa haya. Nikaituma.

Kufuli lile halikuvunjwa na mtu. Dada alimtumia shoga yake mmoja wa kuaminika, alitaka amuulizie mshonaji wa ile nguo. Shoga yake akamtumia mshonaji. Mshonaji akamwonyesha binti yake jinsi kazi ilivyotoka. Siku ya nne picha ilikuwa katika simu ya kijana mmoja wa Majengo, naye akamwonyesha mdogo wake bwana harusi bila kujua kwamba anamwonyesha shemeji ya yule bibi harusi. Nimeifuata njia hiyo hatua kwa hatua, nimeuliza kila mmoja, na sikumpata hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alimtumia mtu mmoja anayemwamini. Kumbe picha husafiri, ila ile amana iliyofungwa nayo haisafiri. Hubaki kwa yule wa kwanza. Januari 2019 WhatsApp ilipoweka kikomo duniani kote, ujumbe usisambazwe zaidi ya mara tano kwa mpigo, niliisoma habari ile nikaikumbuka picha yangu. Yangu haikuhitaji watano. Ilimtosha mmoja mmoja.

Sitasema mengi kuhusu alichokipata bibi harusi kwa wakwe zake mwezi ule wa kwanza, kwa kuwa si yangu kuyasimulia. Nitasema nilichokifanya mimi. Nilimwandikia. Ujumbe mrefu, nikaufuta, nikauandika tena. Alama mbili zikageuka buluu, hakujibu. Nikamtumia sauti ya dakika nne, buluu tena, kimya. Nikamtumia aya, nikamtumia dua, nikamtumia picha yetu ya utotoni tumeshikana mikono pale ufukweni Mama Ngina tunakula mihogo. Nilishinda nazitazama alama zile kama mgonjwa anayetazama mlango wa daktari. Wiki ya tano mamangu akaniuliza, "Umekwenda kwa mwenzio?"

"Nimemwandikia, mama. Hajibu."

"Sikukuuliza kuandika. Nauliza umekwenda?"

Nikamwambia naogopa kumsumbua. Akasema, "Radhi haiombwi kwa kidole. Ondoka wende."

Nilikwenda Tudor siku ile ile, na barabara yote nilikuwa natamani matatu iharibike. Alifungua mlango, akanitazama, akanipisha. Hakusema karibu. Niliona mikono yake, hina bado imebaki rangi kwenye kucha, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ukubwa wa nilichokifanya. Katika ujumbe wangu wote nilikuwa nimesema "nisamehe kwa picha ile". Mbele yake neno "picha" halikunitoka. Nililia, akalia, akaniletea chai. Hakusema amenisamehe. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Ilichukua miezi minane, na siku aliponicheka kwa jambo la kipuuzi, nikajua.

Sitaki kuisingizia simu kila ovu. Mei 2020, wakati wa korona, serikali ilipoufunga Mji wa Kale asiingie mtu wala asitoke, kwetu ulikuwa Ramadhani. Kuanzia tarehe 6 ya mwezi ule mpaka mwanzoni mwa Juni tulikuwa ndani, vizuizi vimewekwa, polisi wamesimama. Simu ndiyo iliyotuletea pesa, ndiyo iliyomwonyesha dada uso wa mamangu usiku wa Idi, ndiyo iliyotueleza nani ana homa na nani ameishiwa unga. Miguu ilikuwa imekatazwa, na simu ikaibeba kazi yake kwa uaminifu. Tatizo langu ni kwamba miguu iliporuhusiwa tena, wengi wetu hatukuirudisha. Tulikuwa tumeshazoea.

Kuna usiku mmoja ulinionyesha tulikuwa tumezoea kiasi gani. Jumatatu, 4 Oktoba 2021, baada ya Maghrib, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima. Baadaye ilielezwa kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo iliukata mtandao wa kampuni, na hata wahandisi wake wakachukua muda kuifikia mitambo yao. Kwetu tulijua tu kwamba alama imekuwa moja na haiendi. Nikazima simu, nikaiwasha. Nikatoka mlangoni kumuuliza jirani, nikamkuta naye anatoka kuniuliza mimi. "Kwenu inafanya?" Kichochoro kizima kilikuwa kinaulizana hivyo. Wazee wakatoa viti barazani. Muuza kahawa aliyekuwa anapita na dele lake akashikwa pale pale hadi kahawa na kashata zikamwishia. Watoto wakacheza chini ya taa hadi karibu saa tano. Nilikaa na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanieleza kwamba mwanawe ameacha shule tangu Agosti. Agosti! Na kila siku katika grupu la mtaa tulikuwa tunatakiana asubuhi njema. Saa saba za usiku mitandao ikarudi. Asubuhi viti vilikuwa vimeingizwa ndani.

Baada ya hapo nilidhani nimejifunza. Kisha akafariki mke wa jirani mmoja, nyumba yao vichochoro vitatu kutoka kwetu. Tanzia ilifika katika grupu mchana, nami nikaandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", nikaweka maneno ya pole, nikaendelea na kazi. Moyo wangu ulitulia kabisa, kana kwamba nimeshakwenda. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kule kutulia. Nilikwenda siku ya nne. Nilipohesabu baadaye, ujumbe wa pole katika grupu lile ulikuwa 137. Waliotia mguu kwa siku tatu, binti wa marehemu aliniambia, hawakufika hata nusu ya hao.

Kati ya zile pole kulikuwa na moja ndefu, imepangwa vizuri, kutoka kwa kijana wetu anayefanya kazi ya usiku Doha. Niliisoma kwa sauti ili mamangu aisikie. "Pokea rambirambi zangu za dhati kwa hasara yako kubwa. Niko pamoja nawe katika wakati huu mgumu." Mamangu akanizuia kwa mkono.

"Hasara ni ya dukani," akasema. "Huyu amefiwa. Nani ameyaandika hayo?"

Nikampigia yule kijana, akakiri kwamba ni programu ya akili bandia. Aliiambia ami yake amefiwa na mke, ikamtengenezea. Alikuwa na huzuni ya kweli na alichelea kukosea maneno. Nilimwonea huruma sana. Mamangu akaichukua simu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ungesema tu, 'Ami, sina neno.' Angekusikia." Kijana akampigia ami yake usiku ule, na nilielezwa kwamba walikaa kwenye simu kitambo, mwingi wa muda huo wakiwa kimya. Simu ile ile, lakini ndani yake safari hii alikuwamo mtu.

Siku hizi kila mwezi kuna kitu kipya kinachoahidi kutuunganisha, na vijana wetu hukikimbilia kama zamani tulivyokimbilia meli ikitia nanga. Mwaka 2023 mtoto wa kakangu aliyekuwa akisoma Nairobi alipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC apigwe picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin, alipwe sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikaisimamisha shughuli ile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Alipokuja likizo mamangu alimuuliza ile mashine ilikuwa ya nini. Akaeleza vizuri, kwamba kompyuta zimekuwa hodari kiasi cha kujifanya watu, kwa hiyo inatakiwa njia ya kuthibitisha kwamba huyu ni mtu kweli. Mamangu alifikiri. "Na mimi nikitaka kujua kama wewe ni mtu," akamuuliza, "si nitakuja kukutazama usoni?" Kijana hakuwa na jibu, na mimi pia sina. Najua dunia ni kubwa kuliko Kibokoni na uso hautoshi kwa biashara zote. Lakini kwa biashara za kuzaliwa, kuoa, kuugua na kufa, sijaona kilichoushinda.

Basi binti yangu alipochumbiwa, nikamwambia mamangu, "Safari hii tunaalika kwa miguu." Alicheka, kisha akaona sitanii. Viatu vyake tulivishusha juu ya kabati lakini havikumwingia tena, miguu imevimba. Akavaa ndara zangu. Tulikuwa watatu, yeye, mimi, na yule bibi harusi wa 2017, ambaye sasa ana watoto wawili na aliomba mwenyewe kuja. Kwa nyumba za mbali tulikodi tuk-tuk. Kwa za karibu mamangu aliikataa.

Nyumba nyingi tulipokewa kwa mshangao. "Si mungetuma tu kadi?" Kisha, "Ingieni, ingieni," na mtu anakimbilia jikoni kuona kama kuna kitu cha kuwapa wageni, kwa kuwa hakuna tena anayetegemea mgeni wa ghafla. Nyumba mbili hatukufunguliwa; tuliwasikia ndani, nadhani waliogopa hodi isiyotanguliwa na simu. Moja tulikaribishwa na binti aliyezungumza nasi macho yakiwa kwenye kiganja chake, na sikumlaumu, nimeshawahi kuwa yeye.

Makadara kuna bi mkubwa, rafiki wa mamangu tangu utoto. Katika grupu la kina mama yeye ndiye wa kwanza kila siku. Kabla hata ya jua kuchomoza hutuma picha ya waridi na maneno "Sabalkheri nyote". Mamangu hajawahi kuikosa picha ile na kila siku hujibu. Tulibisha hodi, tukafunguliwa na mke wa mjukuu. Alipomwona mamangu alishika mdomo.

Bi mkubwa alikuwa juu, kitandani. Alipooza upande mmoja tangu Ramadhani iliyopita. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba watu wasisumbuliwe, na mjukuu ndiye aliyekuwa akituma yale mawaridi, ili bibi yake asionekane amenyamaza. Walidhani wanafanya wema, na sijui kwa nini niseme haukuwa wema. Miezi saba tumekuwa tukimjibu sabalkheri.

Ngazi za nyumba zile za zamani mnazijua, nyembamba na wima. Mamangu alizipanda kwa mikono na magoti, akikataa kushikwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda hadi pumzi ikamrudia, akauchukua mkono ule usio na nguvu, akauweka mapajani mwake. Hakulia, na hakuuliza kwa nini hakuambiwa. Akasema, "Harusi ya mjukuu wangu, Ijumaa ijayo. Umealikwa."

Bi mkubwa alihangaika na midomo yake kwa muda. Tulipomwelewa, alikuwa anauliza, "Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu," mamangu akajibu.

Nilishuka kumwambia mwenzetu aliyekuwa ametangulia chini kutafuta tuk-tuk ya kwenda feri kwamba aiache iende, kwani Likoni hatutafika leo. Akalipa kiasi alichokuwa ameshakubaliana na dereva, akavua viatu mlangoni, akapanda na mimi.